Kinachokaa Mahali pa Mwenyewe

Machi 3, 1991

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umekaa kwenye cherehani yako na miguu haijavimba. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Msalimie shemeji. Mwambie yale maji ya chumvi ni ya kusukutua koo, si ya kunywa, maana namjua, atakunywa. Na mwanangu Kinanda mbusu shingoni, pale panapokusanya jasho. Bado analia kwa ile sauti iliyompa jina?

Nimebadilishiwa kazi, dada. Sifagii tena. Nilikwambia kuwa karakana yetu hutengeneza vitu vya kuchezea filamu na michezo ya jukwaani. Sasa nimepewa brashi. Napaka rangi mikate ya sponji na matofali ya maboksi, na kuku wa plastiki ambao waigizaji watajifanya wanawala. Juzi nilipaka mwezi. Mwezi mzima, wa turubai, mkubwa kuliko chumba chako cha kushonea. Ulitandazwa sakafuni, nikaingia katikati yake peku na ndoo yangu, nikawa natembea kwa vidole nisiuchafue. Nilipotoka magoti yangu yalikuwa meupe, na nilirudi chumbani hivyo hivyo, sikuyaosha mpaka asubuhi.

Kitu kikikamilika kinawekwa kwenye rafu, na kila rafu ina neno la Kiingereza limeandikwa kwa chaki. Mimi nilidhani yote ni mamoja. Sisi si tunasema bandia, tumemaliza? Meno ya bandia, nywele za bandia, noti bandia. Huku hawamalizi. Msimamizi wetu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alinirudisha na vitu mkononi siku nzima ya kwanza. "Fake" ni kile kinacholaghai jicho la mbali, ukikigusa kimekwisha. "Replica" kimefanana na cha kweli mpaka makovu: kikombe cha kweli kikiwa kimemeguka mdomo, nacho wanakimegua palepale. "Imitation" kinakifuata cha kweli kwa nyuma, kama hariri isiyo hariri. Na lipo kabati lenye kufuli, humo mna hati na noti za kuchezea, limeandikwa "counterfeit". Msimamizi anasema hilo ndilo neno lenye polisi ndani yake.

Nayaandika kwenye kiganja nikienda kulala, asubuhi yamefutika.

Dada, Kinanda ameanza kusema? Anasema mama? Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka. Nikipata chumba kizuri nitakuja kumchukua, kama tulivyokubaliana siku ile baba yake alipotuacha kwenye mataa.

Mdogo wako


Aprili 21, 1991

Mdogo wangu,

Marahaba. Miguu imevimba, lakini ni kawaida, shule zinakaribia kufunguliwa na nina sare za watoto mpaka juu ya kitanda. Shemeji wako anakusalimu. Alikunywa. Alisema kama kitu kinafaa kooni kitafaa na tumboni, kisha akashinda chooni. Mvua hazijambo. Paa lile upande wa jikoni bado tunaliwekea sufuria.

Nimesoma hayo maneno yako. Mimi juzi mteja kaniletea kitambaa, kaapa ni pamba tupu. Nikachomoa uzi mmoja nikauwashia kiberiti, ukajikunja na kunuka kama ndoo ya plastiki. Nikamwambia, mama, hii ni feki. Akanuna akaondoka. Hakuuliza ni feki ya rafu gani. Hao watu wako wana muda.

Lakini mwezi nimeupenda. Nilimsomea shemeji wako sehemu hiyo, akauliza wanautundika kwa nini, kamba au misumari. Mjibu, hajalala vizuri.

Kinanda anatembea. Anatembea kama mlevi mwenye haraka. Akianguka hatazami nyuma. Kulia amepunguza, sasa anaimba tu, ila wimbo wenyewe ni ule ule. Maneno anayo. Anasema maji, anasema paka, na anasema toka. Toka kajifunza kwa shemeji wako anapofukuza kuku wa jirani. Sasa kila mgeni akibisha hodi anaambiwa toka.

Niishie hapa, kuna mwalimu amesimama mlangoni anataka suruali zake.

Dada yako


Juni 9, 1991

Dada yangu,

Shikamoo. Pole kwa miguu, iweke juu ya kigoda unaposhona vifungo, hata hapo utapata nafuu. Mwambie shemeji mwezi unatundikwa kwa waya mwembamba uliopakwa rangi nyeusi. Ukisimama chini huuoni waya. Mimi najua ulipo, lakini nikitazama sana nasahau.

Maji, paka, toka. Nayasema njiani nikienda kazini. Asubuhi huwa kuna ukungu, taa za barabarani bado zinawaka, na mimi natembea nasema maji, paka, toka, watu wanadhani nasali.

Nimekutumia kifurushi. Soksi ni zako, dawa ya kikohozi ya shemeji, na tofaa jekundu la Kinanda. Tofaa nimelipaka mwenyewe tabaka kwa tabaka, kwanza njano, halafu kijani kidogo kichwani, nyekundu mwisho. Ni la nta. Mwambie ni la kushika, si la kula. Msimamizi alilizungusha mkononi akasema linaweza kwenda rafu ya replica. Nilitabasamu mpaka jioni.

Wiki hii nimejifunza "artificial". Hilo ni zuri, halina aibu. Maua ya kitambaa ni artificial, na mguu wa mbao wa mlinzi wetu wa getini ni artificial pia. Msimamizi anasema neno hilo linamaanisha kimetengenezwa na mtu, basi, na kinafanya kazi yake. Mlinzi anapanda ngazi kwa mguu ule kutupita sisi wote. Nilimuuliza kama unauma wakati wa baridi, akasema unauma ule usiokuwepo.

Ndoto zangu siku hizi ni za rafu. Natembea kati yake, ni ndefu kama barabara, namtafuta Kinanda nimbebe, kila ninachoshika ni chepesi mno.

Nilikuuliza jambo barua iliyopita, labda karatasi ilikunjwa pale hukuona. Anasema mama?

Mdogo wako


Agosti 25, 1991

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani nimechelewa. Kinanda alikuwa na homa. Ilishika, ikaachia, ikashika tena. Shemeji wako alimbeba mgongoni mpaka zahanati na mimi nikimpepea nyuma kwa daftari la vipimo. Sasa amepona kabisa, usianze kulia ukiwa umesimama na barua. Anakula mpaka makapi. Shemeji wako ndiye aliyebaki na mgongo, anatembea kama anatafuta sindano sakafuni.

Soksi zimenienea, asante. Dawa ya kikohozi imefika, nimeificha ili apimiwe.

Tofaa nakurudishia. Nilimwambia ni la kushika. Alilishika kweli, akalitazama, akanitazama mimi, akalitia mdomoni. Alipoona halina maji alinikunjia uso kama ndimi niliyemuuzia. Nikataka kulifuta, kisha nikaona alama za meno yake zimekaa vizuri juu ya ile rangi yako. Nikasema kazi imeharibika, lakini mwenyewe ataipenda hivi.

Kuhusu ulilouliza, mtoto anasema mambo mengi, mengine hayaeleweki. Usiyawaze sana ukiwa mbali huko, utakonda. Fundi wa cherehani amesema mkanda wangu umekwisha na mpya haupatikani. Najaribu kuufunga kwa uzi wa nailoni.

Dada yako


Septemba 22, 1991

Dada yangu,

Shikamoo. Nilisoma juu ya ile homa nimesimama kweli mlangoni, koti bado mwilini, ulijuaje? Mungu awalipe wewe na shemeji. Mgongo wake mkande na mafuta ya moto, taratibu, usimkande kwa hasira.

Tofaa limefika. Nimelipeleka dirishani nikapitisha kidole kwenye kila kijino. Vile viwili vya juu vimeachana katikati kama vyangu. Wenzangu wanauliza ni panya gani mwenye meno mazuri hivyo.

Sasa nikupe la kazini. Kuna filamu inahitaji mtoto mchanga, na mtoto wa kweli hawezi kuwekwa chini ya zile taa za joto kutwa. Kwa hiyo ikabidi tutengeneze wa kushikwa. Uso walimfinyanga vizuri, mpaka zile kope zisizoonekana. Lakini mwigizaji alipombeba, alimbeba kama mto wa kitandani. Msimamizi akavua miwani, akaniita. "Wewe una mtoto. Ana uzito gani akiwa mchanga?"

Nilitaka kumjibu kwa kilo, dada, nikashindwa. Nikaomba mchanga mkavu na vitambaa. Nikashona vifuko vidogo, natia mchanga kidogo, nambeba, natoa, natia. Kichwani nikaweka mwingi zaidi, maana kichwa ndicho kinachokuelemea kwenye kiwiko. Makalioni kidogo. Kifuani pamba tupu. Nikafumba macho. Mkono uliposema ndiye, nikamshona tumbo, nikakata uzi kwa jino kama unavyokata wewe. Yule mwigizaji alipompokea, mkono wake wenyewe ulikwenda chini ya kichwa. Hakuambiwa na mtu. Hata mashine ya kukata mbao ilizimwa.

Rafu yake ina neno jipya, "dummy". Msimamizi anasema hicho hakimdanganyi mtu wala hakimwigi mtu. Ni kitu kinachokaa mahali pa mwenyewe mpaka mwenyewe afike. Nimelipenda neno hilo kuliko yote. Lina subira.

Lakini nikirudi chumbani niligundua kitu kikanikalisha kwenye ngazi. Uzito nilioujaza mle ni wa Kinanda yule mchanga, niliyekuwa namnyonyesha kwenye mkeka wako. Mikono yangu inamjua huyo, na huyo hayupo tena. Aliyepo sijawahi kumbeba. Ukimwinua anakaa wapi, kiunoni au kifuani? Anakushika shingo?

Nimeona chumba chenye dirisha. Mkataba unaisha Desemba, mwanzoni mwa mwaka nakuja kumchukua. Niambie wazi, dada, hii ni mara ya tatu. Mama anamwita nani?

Mdogo wako


Novemba 10, 1991

Dada,

Natumaini ni posta tu. Sijapata chochote tangu nilipokuandikia lile la mtoto wa mchanga. Kila nikipita sandukuni naweka mkono mpaka nyuma kabisa, nagusa ubaridi wa bati.

Kama mtoto anaumwa niambie. Kama wewe unaumwa niambie. Kama nimekosa neno niambie lipi.

Mdogo wako


Desemba 8, 1991

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa mara hii hukuniamkia. Hakuna anayeumwa. Shemeji wako mgongo umenyooka, amerudi kufukuza kuku. Paa tumeliziba.

Posta haina kosa. Nimekuandikia mara nyingi, kila nikimaliza naikata barua kuwa karatasi ya vipimo vya kola. Kuna watoto wengi shuleni wamevaa kola zilizopimwa kwa barua nilizokuandikia.

Unauliza mama anamwita nani. Ananiita mimi. Lilikuwa neno lake la kwanza, kabla ya maji na paka na toka. Nililiacha nje ya barua. Sikumfundisha. Wala sikumkataza.

Nilijaribu kukuweka ndani ya nyumba, Mungu ananiona. Nilichukua lile gauni lako la kijani lililochanika kwapa nikamshona mtoto wa bandia, ila mkubwa, urefu wa mkono wangu. Nywele nikamtia za uzi mweusi, na kidoti chako kidevuni nikakidarizi. Nikamwambia Kinanda, huyu ni mama. Nilikusudia neno lisipotee, siku ukija likukute. Akalishika. Anambeba kwa mguu kila anakokwenda. Anamnywesha maji mpaka pamba inavimba, namwanika juani, analia akimwona kwenye kamba. Kwa hiyo mimi ananiita mama, na yule anamwita mama, na hachanganyikiwi, ila sisi.

Barua yako ya Septemba ilipofika nilimkalisha nikamwambia, Kinanda, mama anakuja. Akaingia uvunguni, akamtoa yule wa kitambaa, akamweka mapajani mwangu. Akasema, "Kaja."

Nikaona nilichokifanya. Utaingia mlangoni na mzigo wako, na mahali pako pamekaliwa na wawili.

Na jambo jingine. Uliandika dummy ni kitu kinachokaa mahali pa mwenyewe mpaka mwenyewe afike. Nilipofika hapo niliikunja barua, nikatoka nje. Shemeji wako akaniuliza kuna nini, nikamwambia moshi. Najua hukuniandikia mimi. Lakini hali yangu unaijua, na miaka yangu ya ndoa unaijua, sina haja ya kukuandikia. Ni mimi ninayejua anakaa wapi ukimwinua. Anakaa kiunoni, upande wa kushoto, na ndiyo, anashika shingo, anashika na sikio. Basi niambie wewe mwenye rafu. Mimi huko naitwaje?

Shemeji wako yuko hapa anasoma begani kwangu. Anasema, "Si umwandikie tu asije." Nimemwambia anyamaze. Hayo ni maneno yake, si yangu. Nayaacha hapo kwa sababu karatasi imekwisha na kola za kupima hakuna.

Dada yako


Januari 5, 1992

Dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya Novemba nakupa leo, ilinitoka kwa hofu. Shemeji msalimie, mwambie nimeyasoma maneno yake, na nimeujua mwandiko.

Nilikasirika. Sitakuficha. Nilikasirika siku kadhaa, nikawa napaka rangi ovyo, msimamizi akaninyang'anya brashi akanituma nje nikapunge upepo. Nilimkasirikia mpaka yule wa kitambaa, kwamba yeye ananyweshwa maji na kuliliwa akianikwa, na ameshonwa kwa nguo yangu mwenyewe.

Halafu nikalichukua swali lako nikapita nalo kwenye rafu, moja baada ya moja. Wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Ule mwezi wangu umekunjwa umewekwa juu kabisa, unaonekana ukingo tu. Kwenye replica hukai, hatufanani hata kidogo, wewe mrefu na unajua kunyamaza. Kwenye imitation ulikataa mwenyewe, nikakusikia kabisa ukisema hao watu wako wana muda. Artificial nilikuweka kidogo, kwa sababu ya yule mlinzi na mguu wake, nikakutoa. Kwenye dummy nilisimama sana. Nilimshika yule mtoto wa mchanga tena. Ana uzito wote, dada, na hata umbebe vipi, hashiki sikio. Nikamrudisha.

Nikamfuata msimamizi, nikamuuliza kwa Kiingereza chao mtu anayelea mtoto wa mdogo wake anaitwaje. Akaniambia neno lao. Nikamwambia sisi huyo tunamwita mama mkubwa. Akasitisha kazi, akauliza, "Mkubwa kuliko nani?" Nikamwambia, kuliko mimi. Nilikuwa nalijua jina hilo tangu tumezaliwa na sikuwahi kulisikiliza.

Basi nakuja. Alichosema shemeji nimekielewa, na bado nakuja, ila simchukui mtoto kumleta huku. Mkataba mpya nimeukataa. Kile chumba chenye dirisha nimemwachia fundi seremala na mke wake. Nitafutie chumba karibu na kwako, hata kibaya, kuta nitazipaka. Maduka ya mtaani yanataka mabango, naweza kuandika herufi za kila aina sasa, na sare zikizidi nitakushonea vifungo. Nitakaa hapo karibu, nitakuwa napita asubuhi na jioni kama watu wanavyopita.

Yule wa kitambaa usimfiche nikija, mtoto atamtafuta. Usimwambie Kinanda mimi ni nani. Mwambie kuna mtu anakuja. Jina atakalonipa nitaanza nalo, hata likiwa mgeni, na kama halitabadilika mwezi wa kwanza nitangoja wa pili.

Ninachokuomba ni kimoja. Siku nitakapokuwa nimekaa ndani kwako, akatokea mlangoni na vumbi lake la miguuni akaita mama, usinitazame mimi, dada. Wewe itika. Nataka nisikie linavyoitikiwa.

Mdogo wako